Mvinyo wa Ufaransa kwa Mnunuzi wa Bei ya Kati: Mikoa ya Kutangulia na ya Kusubiri

Lebo ya mvinyo wa Ufaransa humtajia mnunuzi mahali kabla ya kumtajia aina ya zabibu. Chupa iliyoandikwa Gigondas, Chablis au Chinon mara nyingi haisemi kwamba ndani yake mna Grenache, Chardonnay au Cabernet Franc, kwa kuwa sheria inayolinda jina hilo imekwisha kuamua ni mizabibu ipi inayoruhusiwa kupandwa pale, mavuno ya kila hekta yasizidi kiasi gani, na mvinyo utengenezwe kwa njia zipi. Utaratibu huo hufahamika kwa herufi AOC, na siku hizi huonekana pia kama AOP kwa mujibu wa kanuni za Umoja wa Ulaya. Ulipata sura yake ya kitaifa mwaka 1935, ilipoundwa taasisi ambayo leo inaitwa INAO. Mtu anayetaka kununua vizuri, basi, hana haja ya kukariri majina elfu; yanamtosha majina kama thelathini, mradi ajue kila jina linaahidi nini.

Mikoa iliyomo katika mwongozo huu imepangwa kwa kipimo kimoja tu: mnunuzi asiyemfahamu mtengenezaji, mwenye fedha za chupa ya bei ya kati, ana nafasi gani ya kupata mvinyo mzuri, wenye tabia ya mahali ulikotoka, na ulio tayari kunywewa bila kusubiri miaka kumi. Kwa kipimo cha ubora wa juu kabisa mpangilio ungekuwa mwingine, na Bourgogne pamoja na Bordeaux zingekaa kileleni. Lakini chupa zilizozipa sifa hiyo si zile zinazouzwa kwa bei ya kati, na hapo ndipo fedha za wanunuzi wengi zinapopotea. Msimamo wangu ni kwamba fedha ya kati inunue jina la juu la mkoa usio na makuu, isinunue jina la chini la mkoa mashuhuri.

Chupa ya bei ya chini kabisa, nayo, ni ghali kuliko inavyoonekana. Gharama ya glasi, kizibo, usafiri wa meli na ushuru unaohesabiwa kwa ujazo au kwa nguvu ya kileo haipungui eti kwa sababu mvinyo wenyewe ni hafifu. Nyongeza ndogo juu ya bei hiyo ya chini huingia karibu yote kwenye mvinyo, na hakuna mahali pengine kwenye rafu ambapo fedha kidogo huleta tofauti kubwa kiasi hicho.

Maneno ya kwenye lebo

Chini ya AOC kuna daraja la IGP, lililokuwa likiitwa Vin de Pays, ambalo hutoa uhuru zaidi wa kuchagua zabibu na kwa kawaida hutaja aina yake waziwazi. Mfano unaopatikana kwa urahisi ni Pays d'Oc. Daraja la mwisho ni Vin de France, ambalo halitaji mkoa wowote. Wapo watengenezaji hodari wanaolichagua kwa hiari kwa kuwa hawataki kubanwa na masharti ya AOC, lakini asiyewajua kwa majina hana njia ya kuwatambua, na kwake ni afadhali kushika AOC.

Maneno mengine hayana uzito wowote kisheria. «Grand vin de Bordeaux», «Vieilles vignes», «Réserve» na «Cuvée prestige» huandikwa na kila anayependa kuyaandika. Maneno «Mis en bouteille au domaine» au «au château» yana maana: mvinyo umetiwa chupani palepale ulipotengenezwa, ingawa «à la propriété» huweza kutumiwa pia na ushirika wa wakulima, jambo ambalo si dosari hata kidogo. Panapo jina la mfanyabiashara wa mvinyo badala ya mkulima, jina hilo ndilo la kulikumbuka au kulisahau baada ya kuonja.

Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa mavuno. Ufaransa huvuna mara moja kwa mwaka, hasa Septemba, tofauti na Dodoma ambako mizabibu hailazwi na baridi na wakulima huvuna mara mbili. Kwa hiyo mvua ya mawe au baridi kali ya Aprili moja huweza kubadili ladha na bei ya mwaka mzima. Kwa mivinyo ya kusini mwaka si jambo la kuumiza kichwa. Kwa Bordeaux ni jambo la maana: 2013 ulikuwa mwaka dhaifu, ilhali 2015, 2016, 2018, 2019 na 2020 ni miaka ya kununua bila wasiwasi mkubwa.

Kabla ya kulipa, kagua chupa

Sehemu hii isirukwe, hasa na wanaonunua Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Bujumbura. Mvinyo huharibiwa na joto na mwanga upesi kuliko unavyoharibiwa na umri, na chupa iliyoko mbele yako imesafiri majuma kadhaa baharini, imepita bandarini, kisha imesimama dukani kwa muda ambao muuzaji mwenyewe pengine haukumbuki.

Ishike chupa kwa shingo na uipitishie kidole gumba juu, pale palipofunikwa kwa bati au plastiki. Panapaswa kuwa bapa, au pabonyee kidogo. Pakiwa pamevimba, kizibo kimesukumwa kutoka ndani na mvinyo uliotanuka kwa joto, na chupa hiyo irudishwe rafuni hata kama bei imepunguzwa nusu. Kisha angalia ukingo wa kifuniko hicho: utando wa kunata au mchirizi mkavu wa rangi ya damu ya mzee ni alama kwamba mvinyo umepenya pembeni mwa kizibo, na palipotoka mvinyo ndipo hewa ilipoingilia. Inua chupa kwenye mwanga utazame kiwango. Mvinyo wa miaka miwili au mitatu unapaswa kufika shingoni. Ukiwa umeshuka hadi mabegani mwa chupa, umevuja. Mwishowe angalia rangi ya mvinyo mweupe kama glasi inaruhusu. Mvinyo mchanga mkavu, yaani usio na utamu, huwa wa manjano hafifu, wakati mwingine wenye kijani kidogo. Ukiona dhahabu iliyoiva inayoelekea kahawia kwenye chupa ya miaka mitatu, hewa au joto limekwisha kuumaliza.

Chupa za glasi isiyo na rangi zilizopangwa dirishani, au chini ya taa kali, zisinunuliwe kabisa, kwa sababu mwanga huleta harufu mbaya ya kabichi iliyopikwa. Kifuniko cha kuzungusha si alama ya mvinyo duni; katika nchi za joto ni faida. Duka bora si lenye rafu ndefu zaidi, bali ni lile linalouza upesi, lenye ubaridi usiozimwa usiku, na ambalo mwenyewe hukubali kupokea chupa iliyoharibika. Dosari ya kizibo, inayotokana na kemikali iitwayo TCA, haionekani kwa nje: mvinyo hunuka kadibodi iliyolowa, na matunda yote hupotea mdomoni. Muuzaji mwaminifu hubadilisha chupa hiyo bila mabishano, mradi umrudishie ikiwa karibu kujaa.

Mivinyo myekundu, kwa mpangilio

Nafasi ya kwanza naipa Rhône ya kusini, na siioni inayokaribia kuinyang'anya. Kati ya Montélimar na Avignon jua ni la uhakika, na upepo wa mistral unaoteremka bondeni kutoka kaskazini hukausha vichala baada ya mvua, hivyo ukungu na kuoza havipati nafasi. Ndiyo sababu mwaka mbaya kabisa ni nadra hapa, na ndiyo sababu mnunuzi asiyejua majina hupona. Zabibu kuu ni Grenache, inayotoa mvinyo wenye joto, wenye ladha ya forosadi na plamu zilizoiva, ikisaidiwa na Syrah na Mourvèdre zinazoongeza rangi, pilipili manga na mifupa ya kuushikilia mvinyo usilegee.

Ngazi zake ni rahisi kuzifuata. Chini kabisa ni Côtes du Rhône. Juu yake Côtes du Rhône Villages. Kisha Villages yenye jina la kijiji, na vijiji vyenye haki hiyo ni takriban 20. Na juu kabisa ni majina yanayosimama yenyewe, kama Gigondas, Vacqueyras, Rasteau, Cairanne iliyopandishwa daraja mwaka 2016, na Châteauneuf-du-Pape yenye mawe makubwa ya mviringo mashambani na jina lililobaki tangu mapapa walipokaa Avignon katika karne ya 14. Chupa ninayoipendekeza kuliko zote katika mwongozo mzima ni Côtes du Rhône Villages yenye jina la kijiji, kama Séguret, Sablet au Plan de Dieu. Iko hatua moja tu chini ya Châteauneuf-du-Pape, inatokana na zabibu zilezile, na bei yake huwa sehemu ndogo tu ya bei ya jirani yake. Mwenye fedha zaidi anunue Gigondas au Vacqueyras. Châteauneuf-du-Pape ya bei ya chini, ambayo wafanyabiashara huipamba kwa chupa yenye nembo iliyochongwa kwenye glasi, mara nyingi haishindi Gigondas nzuri.

Rhône ya kaskazini ni nchi nyingine: miteremko mikali na Syrah pekee kwa mwekundu. Côte-Rôtie, Hermitage na Cornas ni za siku kubwa na fedha kubwa. Crozes-Hermitage na Saint-Joseph ndizo za mnunuzi wetu, na anayependa harufu ya pilipili manga na zeituni nyeusi asiziache.

Nafasi ya pili ni ya Beaujolais, na hapa lazima nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Beaujolais Nouveau, inayotolewa kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, ni mvinyo wa majuma machache uliotengenezwa kwa ajili ya kusherehekea mavuno, na haukukusudiwa kukaa mwaka mzima kwenye rafu ya Afrika Mashariki. Vijiji kumi vya kaskazini mwa mkoa ni habari nyingine kabisa: Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Brouilly na Côte de Brouilly. Lebo zake nyingi hazina hata neno Beaujolais, na mnunuzi asiyejua hupita bila kuzitazama. Zabibu ni Gamay, ileile ambayo mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru mwaka 1395 ing'olewe katika nchi yake akiiona haina hadhi. Ilipata makao kwenye udongo wa mawe ya matale kusini yake, na huko imeonyesha kwamba ni zabibu ya thamani. Kwa njia ya jadi ya mkoa huu vichala hutiwa vizima kwenye tangi, na uchachukaji huanzia ndani ya tunda lenyewe katika hewa ukaa. Matokeo yake ni mvinyo uliojaa harufu ya matunda mekundu na wenye ukakasi mdogo, yaani ule ukavu unaoushika ulimi na ufizi kama mtu aliyeng'ata bibo. Kwa anayeanza kunywa mvinyo mwekundu, na kwa nchi ambayo jioni yake ni ya nyuzi 28, sijui pendekezo bora kuliko Fleurie au Brouilly iliyopozwa kidogo. Morgon na Moulin-à-Vent zina nguvu zaidi na huvumilia miaka mitano au zaidi zikihifadhiwa vizuri.

Ya tatu ni Languedoc. Mkoa huu mpana unaoizunguka pwani ya Mediterania, kuanzia karibu na Nîmes hadi kuelekea mpaka wa Hispania, uliteseka kwa muda mrefu kwa sifa ya kutoa mvinyo mwingi wa bei rahisi. Mwaka 1907 wakulima wake waliandamana kwa malaki dhidi ya bei zilizoporomoka na mvinyo wa kughushi, na serikali ikapeleka askari. Sifa hiyo ya zamani ndiyo inayoendelea kuzishusha bei hata leo, ingawa mivinyo ya Faugères, Saint-Chinian, Minervois na Corbières imekwisha kuipita. Tafuta palipo na zabibu ya Carignan ya mizabibu mikongwe, na Minervois-La Livinière kama unaweza kuongeza kidogo. Pays d'Oc ni ya matumizi ya kila siku, na inafaa kwa karamu ya watu wengi.

Loire inashika nafasi ya nne kwa Chinon, Bourgueil na Saumur-Champigny, zote za Cabernet Franc. Ni mivinyo ya wastani kwa uzito, yenye harufu ya forosadi na ya majani mabichi, ambayo baadhi ya watu hawaipendi mara ya kwanza. Ina uchachu unaoamsha hamu ya kula, na kwa kuku wa kuchoma au nyama ya nguruwe sina ninachokiweka mbele yake.

Bordeaux naiweka ya tano, na najua wengi watapinga. Tatizo si mkoa. Tatizo ni jinsi unavyonunuliwa. Kwenye ukingo wa kushoto, yaani Médoc na Graves, changarawe hupitisha maji na kutunza joto, na ndipo Cabernet Sauvignon inapoiva; kwenye ukingo wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, udongo wa mfinyanzi wenye ubaridi huipenda Merlot, ambayo ndiyo zabibu inayopandwa zaidi mkoani. Orodha ya mwaka 1855, iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya Paris na kuyapanga mashamba kwa bei za wakati huo, karibu haijaguswa tangu hapo. Badiliko mashuhuri ni kupandishwa kwa Château Mouton Rothschild mwaka 1973. Orodha hiyo ina mashamba 60 na ushei, ilhali Bordeaux ina maelfu ya mashamba mengine yenye haki ya kuchora jumba kwenye lebo. Jumba hilo halithibitishi chochote. Vilevile «Saint-Émilion Grand Cru» ni jina la AOC linalobebwa na chupa nyingi mno. Daraja la kweli ni «Grand Cru Classé», ambalo huhakikiwa kila baada ya miaka kumi hivi, na mara ya mwisho ilikuwa 2022. Ukitaka Bordeaux kwa bei ya kati, nenda Castillon Côtes de Bordeaux, ambayo inapakana na Saint-Émilion na kushiriki nayo uwanda uleule wa mawe ya chokaa, au Fronsac, au Côtes de Bourg, na uchague mwaka mzuri.

Kusini-magharibi kuna Cahors, ambako Malbec ilikuwa nyumbani kabla haijapata umaarufu Argentina, na Madiran ya zabibu ya Tannat, yenye ukakasi mwingi kuliko mivinyo yote niliyoitaja. Ni za mlaji wa nyama nyekundu, na kwa bei zake hazina hila.

Bourgogne nyekundu inakuja mwisho, si kwa kudharauliwa bali kwa kuwa ndiyo inayomwadhibu mnunuzi asiyejiandaa. Pinot Noir ni zabibu yenye ngozi nyembamba na tabia ngumu, mashamba ni madogo, na sheria ya Ufaransa ya kugawa urithi kwa watoto wote imeyakatakata kizazi baada ya kizazi: Clos de Vougeot, lenye hekta 50 hivi, lina wamiliki takriban 80, na kila mmoja hutengeneza mvinyo wake chini ya jina hilohilo. Jina la mahali pekee halitoshi hapa. Jina la mkulima ndilo linaloamua. Asiyewajua wakulima ajaribu Mercurey au Givry za Côte Chalonnaise, na «Bourgogne» tupu ya bei ya chini aiache.

Mivinyo myeupe, kwa mpangilio

Kwa mweupe Loire inaongoza, kwa sababu hakuna mkoa mwingine unaotoa aina nyingi hivyo za mvinyo safi kwa bei isiyotisha. Anza na Muscadet Sèvre et Maine, kutoka karibu na Nantes ambako mto Loire unaelekea kuingia Atlantiki. Tafuta maneno «sur lie», yanayomaanisha kwamba mvinyo ulipitisha majira ya baridi juu ya mashapo ya hamira yake kabla ya kutiwa chupani. Ukiumimina utaona pengine vipovu vidogo vichache kando ya glasi, na ulimini utasikia mchomo mwepesi, ladha ya ndimu, kisha chumvi kidogo inayobaki. Kileo chake ni cha chini, kwa kawaida asilimia 12 hivi. Kwa chaza, pweza, kaa au kamba wa kuchoma ni vigumu kuupata unaoushinda. Vijiji vichache, kama Clisson na Gorges, vina daraja lao tangu 2011, na mvinyo wake hukaa juu ya mashapo muda mrefu zaidi; ni wa bei nafuu kwa namna inayonishangaza.

Sauvignon Blanc ya Loire ina majina mawili makubwa, Sancerre na Pouilly-Fumé, yanayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto. Yamepanda bei. Menetou-Salon, Quincy na Reuilly ziko magharibi ya Sancerre na hutoa harufu ileile ya ndimu, balungi na nyasi zilizokatwa. Touraine ni nafuu zaidi. Vouvray, ya Chenin Blanc, inahitaji kusomwa vizuri: «sec» ni mkavu, «demi-sec» una utamu kiasi, «moelleux» ni mtamu. Demi-sec ndiyo ninayoitetea kwa vyakula vya nazi. Samaki wa kupaka ana mafuta ya tui, ndimu na pilipili kwa pamoja. Mvinyo mkavu mno hugeuka mkali mbele yake, na wenye ladha nyingi ya mapipa ya mwaloni humfunika, ilhali utamu mdogo wa Vouvray hutuliza pilipili na uchachu wake hukata mafuta.

Alsace ni ya pili, na kwa mlaji wa viungo huenda ikawa ya kwanza. Milima ya Vosges huzuia mvua itokayo magharibi, kiasi kwamba eneo la Colmar ni miongoni mwa maeneo makavu zaidi ya Ufaransa, na zabibu hupata vuli ndefu ya kuiva. Chupa zake nyembamba ndefu hutaja aina ya zabibu, jambo linalomrahisishia mnunuzi. Riesling ni mkavu kwa kawaida, wenye uchachu ulionyooka; Pinot Gris una uzito na moshi kidogo, na huelewana na pilau yenye karafuu na iliki; Gewurztraminer hunukia waridi na matunda ya jamii ya shokishoki, na huweza kusimama mbele ya biriani bila kupotea. Muulize muuzaji kiasi cha utamu, au angalia kama lebo imekitaja, kwa maana baadhi ya chupa huwa na sukari kuliko anavyotarajia mnunuzi.

Ya tatu ni Mâconnais, kusini mwa Bourgogne. Mâcon-Villages, Saint-Véran na Viré-Clessé ni Chardonnay iliyoiva, laini, yenye ladha ya tufaha na pea, na kwa mara nyingi haijazidiwa na mwaloni. Pouilly-Fuissé ni ya juu yake, na tangu 2020 baadhi ya mashamba yake yanaitwa premier cru, yaani yamepewa daraja la juu. Anayependa Chardonnay aanzie hapa kabla ya kufikiria Meursault, Chardonnay ghali ya Bourgogne.

Picpoul de Pinet, inayokuzwa kando ya ziwa la Thau ambako chaza hufugwa, na Côtes de Gascogne ni za nne. Ni mivinyo mepesi ya kunywewa ingali michanga, ambayo haina makuu na haikudhulumu. Chablis ni ya tano kwa sababu ya bei tu. Miamba yake ya chokaa iliyojaa visukuku vidogo vya chaza, pamoja na baridi ya kaskazini, huipa Chardonnay ukavu usiopatikana kwingine, na mwenye nafasi anunue Chablis premier cru badala ya kulipia grand cru, daraja lililo juu yake, ambazo ziko saba. Bordeaux nyeupe ya Entre-Deux-Mers ni safi na nafuu, wala sina mengi ya kuongeza.

Joto, glasi na sahani

Kanuni ya kunywa mvinyo mwekundu «kwa joto la chumba» ilizaliwa katika nyumba za Ulaya zenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Tanga mwezi Februari hakina joto hilo, na mwekundu unaomiminwa kwa nyuzi 30 hunuka kileo, hupoteza matunda na huacha ukali kooni. Weka chupa ya mwekundu mzito, kama Gigondas au Cahors, kwenye friji kwa dakika 45 hivi; Beaujolais na Chinon kwa muda mrefu zaidi, zifike nyuzi 13 au 14. Mweupe mwepesi unahitaji saa kadhaa, unywewe kwa nyuzi 8 hadi 10, lakini Saint-Véran au Pinot Gris zitolewe mapema kidogo, kwa kuwa ubaridi mwingi hufunga harufu yake. Ukiwa na haraka, tia chupa kwenye ndoo ya maji na barafu yenye gao la chumvi. Robo saa hutosha kwa mwekundu, na mweupe uko tayari ndani ya nusu saa. Maji ni lazima, maana barafu tupu huigusa chupa sehemu chache tu.

Kata kifuniko chini ya ukingo wa shingo, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa, kisha zungusha kizibuo katikati kabisa bila kukitoboza kizibo upande wa chini. Vuta taratibu. Mimina theluthi moja ya glasi. Nafasi inayobaki ndiyo inayokusanya harufu, na mvinyo mdogo kwenye glasi haupati joto kabla ya kwisha. Glasi moja yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo inatosha kwa nyekundu na nyeupe zote. Cahors, Madiran na Bordeaux changa hulainika zikimiminwa kwenye jagi nusu saa kabla ya chakula, na Bordeaux kongwe humiminwa polepole ili mashapo yabaki chupani.

Kwa chakula, pima uzito na pilipili kabla ya kupima rangi. Pilipili huongeza makali ya kileo na ya ukakasi, kwa hiyo Madiran na mchuzi wa pilipili ni ugomvi. Brouilly baridi au Riesling hupatana nao. Mbuzi wa kuchoma kwa chumvi na ndimu anaomba Vacqueyras au Cahors. Kachumbari yenye ndimu nyingi huufanya mvinyo usio na uchachu uonekane umelala, na hapo Touraine ya Sauvignon hufaa. Jibini la mbuzi, ambalo wenyeji wa Sancerre hulila na mvinyo wao, huenda vizuri na Sauvignon yoyote ya Loire.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za wastani. Kinachobaki, kiwe chekundu au cheupe, kizibwe na kurudishwa kwenye friji kikiwa kimesimama: Muscadet hubaki na uhai siku mbili, Côtes du Rhône tatu au nne, na baada ya hapo kilichobaki kitiwe kwenye mchuzi wa nyama. Chupa ambazo hazijafunguliwa zilazwe kwenye kabati lenye giza upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri, na kama nyumba haina sehemu inayobaki chini ya nyuzi 20, zinunuliwe za kutosha mwezi mmoja au miwili tu, na nyekundu za kuwekwa miaka mingi ziachwe kwa wenye hifadhi ya baridi.